Kilobaiti 640: mpaka wa mwaka 1981 na kadi za mwalimu wa Buyenzi

Wakati wa likizo, mjane wa mwalimu aliyenifundisha Kiswahili shule ya sekondari aliniita nyumbani kwake Buyenzi, hapa Bujumbura. Alikuwa anasafisha chumba cha marehemu mumewe ili akipangishe, na humo ndani mlikuwa na kompyuta ya zamani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kutaja bei. Mama alitaka niitazame kwanza, kwa sababu marehemu alikuwa ameweka humo kadi za maneno: Kiswahili cha Buyenzi, kata kwa kata, kwa maana za Kirundi na Kifaransa.

"Aliniambia imejaa," alisema. "Maneno yalikuwa hayaingii tena. Akaiacha, akarudi kwenye daftari, na daftari nalo hakulimaliza."

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si wa kompyuta. Lakini neno hilo "imejaa" lilinikaa kichwani. Mwalimu huyu alikuwa mtu wa subira kuliko wote niliowajua, na ilikuwa vigumu kuamini kwamba aliacha kazi ya miaka kwa sababu ya sanduku kujaa. Nilipoiwasha (baada ya kuingiza upya vipimo vya diski kwa mkono, maana betri ndogo inayotunza vipimo hivyo ilikuwa imekufa zamani) mashine ilionyesha tarehe 1 Januari 1980, siku ambayo mfumo wa DOS huanzia kuhesabu. Kisha ikaniambia mambo mawili yasiyopatana. La kwanza: diski ya megabaiti 80 ilikuwa tupu zaidi ya nusu. La pili: nilipoita programu ya kadi, ilijibu kwa Kifaransa kwamba kumbukumbu haitoshi. Na kumbukumbu ya mashine hiyo ni megabaiti 4, yaani kilobaiti 4,096, wakati programu yenyewe, kwa mujibu wa kijitabu chake, inataka kilobaiti 520 tu.

Kwa wasomaji wasiozoea mambo haya: diski ni ghala, kumbukumbu ni meza ya kufanyia kazi. Ghala la mwalimu halikujaa. Meza yake ilikuwa kubwa mara karibu nane kuliko kazi iliyotakiwa kuwekwa juu yake. Hata hivyo mashine ilisema hakuna nafasi. Nilitaka kujua ni nani alikuwa anasema uongo, na jibu likanipeleka Marekani, mwaka 1981.

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake ya kwanza ya mtu binafsi. Iliyokuwa rahisi kuliko zote iliuzwa dola 1,565, nayo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16. Prosesa yake, Intel 8088, ilikuwa na nyaya 20 za anwani. Kila waya hubeba sifuri au moja, kwa hiyo anwani zote zinazowezekana ni 1,048,576, ambayo ni megabaiti moja kamili. Zaidi ya hapo 8088 haioni kitu, kama vile nyumba isiyo na namba isivyoweza kupelekewa barua hata kama imejengwa.

Wahandisi wa IBM, waliokuwa wakifanya kazi Boca Raton katika jimbo la Florida, waliigawa megabaiti hiyo vipande 16 vya kilobaiti 64. Vipande 10 vya chini wakavipa programu. Vipande 6 vya juu wakaviweka kwa ajili ya mashine yenyewe: picha ya skrini, kadi za nyongeza, na juu kabisa BIOS, yale maelekezo ya kuamshia mashine yaliyochomwa ndani ya chipu. Kumi mara 64 ni 640. Huo ndio mpaka.

Ni rahisi leo kuwacheka. Lakini tukumbuke walikotoka. Kompyuta ndogo nyingi zilizokuwa sokoni wakati huo, kama Apple II, zilitumia prosesa zenye nyaya 16 za anwani, ambazo mwisho wake ni kilobaiti 64 kwa kila kitu. Mtu aliyenunua kompyuta ya IBM yenye kilobaiti 16 alipewa uwanja unaoweza kukua mara arobaini. Hata mahali pa mpaka hapakuchaguliwa ovyo. Prosesa 8088 ikiwashwa huanza kusoma kwenye anwani iliyo baiti 16 tu chini ya kilele cha megabaiti, kwa hiyo ni lazima maelekezo ya kuwashia yakae juu. Na mwanzo kabisa, kuanzia anwani sifuri, prosesa hiyo huweka jedwali lake la kazi linalobadilika kila mara, kwa hiyo chini ni lazima pawe na kumbukumbu ya kuandikika. Programu chini, mashine juu: chipu yenyewe ilikuwa imeelekeza hivyo. Kilichobaki mikononi mwa IBM ni kusema tu mstari upite wapi.

Hapa niseme neno juu ya hadithi inayopendwa sana madarasani, kwamba Bill Gates wa Microsoft alitamka kuwa kilobaiti 640 zinamtosha kila mtu. Mwenyewe amekana kuwahi kusema hivyo. Lakini hata tukiacha nani alisema nini, hadithi hiyo inamlaumu asiyehusika. Ushahidi upo katika kompyuta nyingine ya wakati uleule, iliyoitwa Victor 9000 huko Marekani na Sirius 1 katika Ulaya, kazi ya mhandisi Chuck Peddle. Ilikuwa na prosesa ileile ya 8088. Ilitumia mfumo uleule wa MS-DOS. Lakini wabunifu wake waliweka skrini na maelekezo yao kwingine, na programu zake zingeweza kupata hadi kilobaiti 896. Kumbe mpaka wa 640 haukuwa wa prosesa, wala haukuwa wa Microsoft. Ulikuwa ni ramani ya IBM, basi.

Kama ni hivyo, kwa nini IBM, au hao walioiga mashine zake, hawakuchora ramani nyingine baada ya kuona watu wanabanwa? Hapa ndipo historia hii inaponivutia zaidi. Katika miaka ya mwanzo, programu nzuri zilikuwa na haraka. Kumwomba DOS aandike herufi kwenye skrini kulichukua muda. Ilikuwa haraka zaidi kuruka juu yake na kuiandika herufi moja kwa moja mahali pa skrini katika kumbukumbu. Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu iliyotoka Januari 1983 na iliyowafanya wafanyabiashara wengi wanunue kompyuta, ilifanya hivyo. Nyingine zikafuata. Ndani ya miaka michache maelfu ya programu yalikuwa na anwani ya skrini ya IBM imeandikwa ndani yake. Ukiuhamisha mpaka, programu zote hizo zinaandika gizani. Victor na wenzake, waliokuwa na nafasi zaidi, walishindwa soko kwa sababu hiyohiyo: programu za IBM hazikufanya kazi kwao. Wanunuzi waliichagua mashine yenye meza ndogo kwa kuwa ndiyo kila mtu alikuwa anaijua.

Mwaka 1984 IBM ilileta mashine ya AT yenye prosesa 80286. Hiyo ilikuwa na nyaya 24, inayoweza kuona megabaiti 16. Ungedhani matatizo yameisha. Lakini prosesa hiyo ina hali mbili za kufanya kazi. Katika hali ya kwanza inajifanya 8088 na kuona megabaiti moja tu. Ya pili, inayoitwa hali ya ulinzi, inaona zote, ila humo programu za DOS hazifanyi kazi. Na ikishaingia hali ya pili, haikuwekewa njia ya kurudi ya kwanza. Njia pekee ni kuizima na kuiwasha upya. IBM walifanya hivyo kweli: waliipa chipu inayosimamia kibodi kazi ya kuiwasha upya prosesa kila ilipotakiwa kurudi. Nilisoma jambo hili mara mbili kabla ya kuamini.

Chipu hiyohiyo ya kibodi ilipewa lango jingine. Kwenye 8088, programu ikitaja anwani inayopita kilele cha megabaiti, anwani inazunguka na kurudi sifuri, kama saa inavyopita kumi na mbili na kurudi moja. Programu fulani zilitegemea mzunguko huo. Mashine ya AT, kwa kuwa inaona juu ya megabaiti, haikuzunguka, nazo zikaharibika. Basi IBM wakaweka lango kwenye waya wa ishirini na moja, unaoitwa A20 kwa kuwa hesabu inaanzia sifuri: likifungwa, mashine inazunguka kama zamani. Baadaye watu wakagundua kwamba lango likiachwa wazi, hata katika ile hali ya kwanza prosesa huweza kufikia baiti 65,520 zilizo juu tu ya megabaiti. Ufa huo uliobaki uzioni ndio uliokuja kuokoa mashine nyingi, ikiwemo ya mwalimu.

Wakati huohuo wenye Lotus walikuwa hawawezi kungoja. Majedwali ya wateja wao yalikuwa yanagonga dari. Mwaka 1985 Lotus na Intel, kisha na Microsoft, walikubaliana juu ya ujanja mwingine: kadi yenye kumbukumbu nyingi, na katika eneo la mashine lililo juu ya 640 dirisha la kilobaiti 64 lenye vioo vinne vya kilobaiti 16. Programu inaomba kurasa kadhaa za kadi ziletwe dirishani, inazisoma, kisha inaomba nyingine. Kumbukumbu haikuhamishwa mpaka. Ilipitishwa dirishani kipande kwa kipande. Ilikuwa polepole na iliwasumbua waandishi wa programu, lakini ilifanya kazi, na toleo la mwaka 1987 liliruhusu hadi megabaiti 32.

Prosesa 80386 ya mwaka 1985 ndiyo iliyoleta nafuu ya kweli, kwa kuwa inaweza kuionyesha programu ramani isiyo ya kweli. Inaweza kuchukua kipande cha kumbukumbu kilicho mbali juu na kukifanya kionekane kana kwamba kiko kwenye anwani tupu kati ya skrini na BIOS. Katika lile eneo la kilobaiti 384 la mashine, sehemu kubwa ilikuwa haina mtu: IBM waliitenga kwa kadi ambazo kompyuta nyingi hazikuwa nazo. Kampuni ya Quarterdeck iliuza programu ya kufanya kazi hiyo, na mwaka 1990 Digital Research waliiweka ndani ya mfumo wao wa DR DOS 5.0. Microsoft waliwafuata Juni 1991 kwa MS-DOS 5.0. Toleo hilo, kwa Kifaransa, ndilo lililokuwa katika mashine ya mwalimu.

Katika mfumo huo kazi inafanywa na mistari michache ya faili linaloitwa CONFIG.SYS, ambalo mashine husoma kila inapowashwa. Mstari wa kwanza unaita HIMEM.SYS, mlinzi wa lango la A20 na wa kumbukumbu yote iliyo juu ya megabaiti. Wa pili unaita EMM386.EXE, anayejaza zile nafasi tupu za eneo la mashine. Wa tatu, DOS=HIGH,UMB, unauambia mfumo wenyewe uhamie kwenye ule ufa wa baiti 65,520 na ushike nafasi zilizojazwa. Mpangilio wa hiyo miwili ya kwanza si wa hiari: EMM386 hawezi kufanya lolote kama HIMEM hajatangulia. Baada ya hapo programu ndogondogo zinazobaki ndani, kama ya kipanya au ya kibodi, zinaitwa kwa maneno DEVICEHIGH na LOADHIGH ili zipande juu badala ya kukaa kwenye kilobaiti 640. Na ukiona nafasi za juu hazikutoshi, badili zamu: iite kubwa kwanza, kwa maana nafasi hizo zimekatikakatika na kilicho kikubwa kikichelewa hakipati pa kukaa.

Programu ya kibodi inastahili aya yake, kwa sababu hapa hesabu ya kilobaiti inakutana na lugha. Kompyuta iliyotengenezwa kwa Mmarekani hubeba kibodi yake na herufi zake ndani ya chipu. Haimgharimu kitu. Sisi wa Bujumbura, Bukavu au Kigali ya zamani tuliotumia kibodi za Kifaransa, tulihitaji programu ya KEYB ikae ndani muda wote ili herufi A itoke mahali pa A. Tuliotaka herufi kubwa zenye alama, kama À na È, tulihitaji pia DISPLAY.SYS na jedwali la herufi namba 850, maana jedwali la Kimarekani namba 437 lina é na è ndogo, lakini penye À limeweka kona ya kuchorea visanduku. Kila moja ya programu hizo ilikula kilobaiti kadhaa za 640. Kiswahili chenyewe, kwa kuwa hakina alama juu ya herufi, kingeweza kuandikwa kwenye mashine tupu kabisa bila kulipa hata baiti moja. Kirundi nacho, kwa maandishi ya kawaida, vilevile. Kilichokula meza ya mwalimu kilikuwa ni safu yake ya tatu, ya Kifaransa.

Lakini si Kifaransa kilichoivunja kazi. Nilipobonyeza kitufe cha kusimamisha skrini wakati mashine inaamka, niliona mstari ambao kwa kawaida hupita kabla jicho halijausoma: faili la HIMEM.SYS halipo mahali palipotajwa. CONFIG.SYS ililitafuta kwenye mzizi wa diski, C:\HIMEM.SYS. Faili lenyewe lilikuwa pamoja na wenzake ndani ya C:\DOS. Kwa sababu ya herufi hizo chache zilizokosekana, mlinzi hakuja. EMM386 akakataa kufanya kazi. DOS ikabaki chini. Na kila mstari wa DEVICEHIGH na LOADHIGH, kwa kukosa pa kupanda, ukashuka kimya kwenye kilobaiti 640. Amri ya MEM ilionyesha kwamba zimebaki kilobaiti 478. Na megabaiti tatu za juu zilikuwa zimelala, hazina anwani ambayo programu ile ingeweza kuzifikia.

Tarehe za faili zilieleza kilichobaki. CONFIG.SYS iliandikwa mara ya mwisho Machi 1997. Siku hiyohiyo iliwekwa programu ya kuzuia virusi, ambayo hubaki ndani na peke yake ilikuwa imechukua kilobaiti 45. Faili la kadi liliguswa mara ya mwisho siku mbili kabla. Nilimuuliza Mama kama anakumbuka mtu kuja.

"Fundi alikuja," alisema. "Alisema mashine inaumwa, akaitibu. Baada ya hapo ndipo ikajaa. Akaja tena, akasema tununue kumbukumbu nyingine."

"Mlinunua?"

"Wapi, mwanangu? Si ndio wakati wa embago."

Wasomaji wa nchi nyingine za jirani huenda wasikumbuke. Kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 Burundi iliwekewa vikwazo na majirani zake baada ya mapinduzi; mipaka ilifungwa kwa bidhaa nyingi, na petroli ilikuwa ikiuzwa kwa chupa. Kipande cha kumbukumbu cha kompyuta hakikuwa kitu cha kukitafuta. Mwalimu aliamini kwamba kinachomkosesha kazi yake kiko upande wa pili wa mpaka wa nchi. Nami nilikaa mbele ya mashine hiyo nikijua kwamba hata kama angekipata, hata kama angeongeza megabaiti nyingine nne, MEM ingeendelea kusema 478. Alikuwa na ya kutosha tayari. Sikujua nimwambie Mama hivyo kwa maneno gani, na siku ile sikumwambia.

Mwenzangu mmoja anayesoma kompyuta alinishauri ninakili faili na kuzifungulia kwenye programu ya kisasa inayoigiza DOS. Ushauri ulikuwa mzuri: nakala tuliitoa kwanza, kabla ya kugusa mstari wowote, na iko salama hadi leo. Lakini Mama hakuwa ameniuliza maneno yako wapi. Alitaka kujua kama kweli ilikuwa imejaa, na hilo lilikuwa la kujibiwa kwenye mashine yenyewe.

Nilianza na disketi tupu ya kuwashia, isiyo na CONFIG.SYS wala chochote zaidi ya mfumo wenyewe na programu ya MEM. Toleo la 5.0 halina kitufe cha kuruka faili hizo, kwa hiyo disketi ndiyo njia salama: usiharibu kitu kabla hujajua unaweza kuwaka bila hicho kitu. Mashine ikaamka. Nikaandika MEM, na skrini ikaandika ;E; kwa kuwa bila KEYB kibodi yetu ilikuwa imegeuka ya Kimarekani, na herufi M ya Kifaransa inakaa mahali pa nukta-mkato. Nilitafuta M yao kwenye kitufe cha mkato. Jibu: zaidi ya kilobaiti 570 zilikuwa tupu. Nikaita programu ya kadi kutoka diskini, nikipapasa kila herufi kama mtu anayetembea nyumba isiyo yake usiku.

Ikafunguka. Kadi 2,187.

Mama alivuta kiti. Tulizipitia hadi jioni: maneno ya mafundi cherehani, ya wauza vitambaa, ya wapishi wa harusi, kisha ya wavuvi wa Tanganyika. Kwenye kadi nyingi alicheka, nyingine alizisoma kimya, na mara mbili alisema maana aliyoandika mumewe si ya Buyenzi bali ya Kigoma. Kadi ya mwisho ilikuwa na neno "mukeke" na maana yake haikuandikwa. Alisema tuijaze. Nilijaribu, lakini bila KEYB kila M ilitoka nukta-mkato.

Kwa hiyo siku iliyofuata nilirudi kutengeneza sawasawa. Niliiweka nakala ya CONFIG.SYS kwa jina jingine. Niliisahihisha njia ya HIMEM ielekee C:\DOS. Mstari wa EMM386 niliuongezea neno NOEMS, kwa maana programu ya kadi haitumii lile dirisha la kurasa, na bila dirisha kilobaiti zake 64 zinarudi kuwa nafasi ya kupandishia wengine. Programu ya virusi niliitoa; virusi vya 1997 havina njia ya kuingia tena mle. Nikapunguza idadi ya akiba za kusomea diski, ambayo fundi aliipandisha bila sababu ninayoweza kuiona, ili nazo zienee kwenye ufa pamoja na DOS. Kipanya na DISPLAY.SYS vikapanda kwa DEVICEHIGH, na mwisho KEYB kwa LOADHIGH. Mara ya kwanza kipanya hakikupata nafasi, nilikitanguliza, kikapata.

MEM ikasema kilobaiti 604. Kibodi ilikuwa ya Kifaransa, À ilikuwa À, na mistari yote mitatu ya juu ilikuwa kimya bila lawama. Nilimwita Mama kutoka jikoni nikamwambia sasa: haikuwa imejaa, Mama, hata siku ile haikuwa imejaa. Alinitazama, akaitazama skrini, hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama bado iko pale kadi ya mukeke. Nikaifungua.

"Andika," alisema. "Samaki wa ziwa letu, mwembamba, mrefu kuliko ndagala. Huvuliwa usiku kwa taa. Huchomwa mzima."

Niliandika. Kwenye safu ya Kifaransa hakuwa na neno, akasema tuiache hivyo, twende kadi 2,188.